Alhamisi za Chekalini

Katika Lurambi nzima hakuna mwanamke wa umri wangu anayeijua simu kama mimi. Najua kuiwasha, najua kuipokea, na najua kuongea nayo kwa sauti ambayo hata mtu wa Mumias ataisikia bila mtandao. Kuizima ndiyo bado sijajua. Huwa nangoja betri iishe.

Nayasema haya mapema ili msidhani hadithi hii ni ya mtu mwerevu. Niliitwa kwenye ofisi ya watu wa kompyuta kule Amalemba kwa sababu ya kutojua, na muda wote nilioenda kule kazi yangu ilikuwa kutojua mbele za watu. Niliifanya vizuri. Kupotea kwa makusudi sikuwahi, isipokuwa mara moja, na hiyo mtaiona.

Ofisi yenyewe ni ya mkwe wangu, Cornelius Khaemba, aliyemwoa binti yangu Tracy. Ni kijana mzuri, nasikia. Sura yake siijui sana. Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawakai chini ya paa moja, hawapeani mkono, wala hawatazamani usoni. Akiniona barabarani anaingia kwa mahindi ya watu. Mimi ninachokijua ni visigino vyake, kwa sababu ndivyo anavyoniachia akikimbia, na naweza kuvitambua katikati ya visigino vya soko zima.

Cornelius alikuwa ametengeneza kitu cha kwenye simu kinachoitwa Zizi. Ng'ombe wako akianza kuita dume, unabonyeza, na daktari wa kupandisha anakuja na mbegu yake. Wenye ng'ombe mnajua jambo hili halingoji. Akianza kulia asubuhi, daktari awe amefika kabla ya jua kuzama, la sivyo umekosa, na kukosa ndama ni kukosa maziwa. Kwa hivyo kitu kilikuwa cha maana. Shida ni kwamba hakuna aliyekuwa akikitumia.

Na watu walikuwa wameulizwa. Kabla ya kukitoa, Cornelius aliwakusanya wafugaji kwenye ukumbi wa kanisa, akawapa chai ya maziwa na mkate uliopakwa siagi pande zote mbili, akawaonyesha Zizi ukutani, kisha akauliza, "Mmeionaje?" Wakasema iko sawa kabisa. Lazarus, mzee wetu wa kanisa, akaiombea. Sasa mlitaka waseme nini? Nani kwetu atakula mkate wa mtu, apanguse mdomo, halafu amwambie kitu chake ni kibaya? Baada ya mkate kama ule, hata ukionyeshwa mbuzi wa miguu mitatu utasema anasimama vizuri.

Kikapelekwa Chekalini, kwa wafugaji wa ushirika wa maziwa. Kimya. Watu wakaendelea kumtafuta daktari kwa bodaboda. Mwenyekiti wa ushirika, mama mmoja mkali anayeitwa Jael, akamwambia Cornelius waziwazi: mvua hizi zikiisha kabla wakulima hawajaanza kuitumia Zizi, ushirika utaiacha. Na mteja mwingine hakuwepo. Tracy alikuja kuniambia haya jikoni kwangu huku akichambua maharagwe, anatupa mazima na kubakisha mabovu. Ofisi ikifungwa, mume wake angerudi Nairobi kutafuta kazi, naye abaki Amalemba akihesabu mabati.

Pale ofisini Cornelius ana vijana wawili. Elvis ndiye anayeandika zile kazi za ndani za kompyuta. Quinter ndiye anayechora: anaamua mtu akifungua simu aone nini, na abonyeze wapi. Quinter huyu alikuwa amemwambia mkubwa wake kwamba chai imemdanganya.

"Watu waliulizwa, Quinter," Cornelius akamjibu.

"Waliulizwa, boss. Hawakuangaliwa."

Alitaka waketi na mtu mmoja mmoja, wampe simu, wamtume kazi, halafu wanyamaze na kutazama. Tena si mara moja. Kila wiki, Elvis akiwa bado hajaandika mengi ya kubomoa. Cornelius akasema ajaribu basi, mara moja.

Ndipo Quinter akaja Lurambi, pale tunapopeleka maziwa asubuhi. Alinikuta nabishana na kijana wa kupima, aliyesema maziwa yangu yana maji.

"Ni mvua hii," nikamwambia. "Ng'ombe amenyeshewa."

Nafikiri Quinter alinipenda kuanzia hapo. Akaja kando yangu. "Mama, una ng'ombe mmoja ama wengi?"

"Mmoja. Anaitwa Waziri."

"Mbona Waziri?"

"Anakula sana na ukimwita haji."

"Na simu ya kugusa unayo?"

"Ninayo. Hakuna mwanamke Lurambi anayeijua kuliko mimi."

Aliponieleza ofisi ilipo na kitu chenyewe kinavyoitwa, nilijua mara moja ni ya nani. Sikusema. Niliuliza tu kama mkubwa wao atakuwepo. Akasema hapana, Alhamisi atakuwa Chekalini kutwa nzima. Basi nikasema nitakuja. Mama yeyote angependa kuona mahali mume wa binti yake anaposhinda, hasa kama mwenyewe hayupo.

Alhamisi ikafika, nikavaa kitambaa changu cha kanisani. Ofisi ni nyumba ya kupanga kama zile nyingine za Amalemba, sebule ina meza na waya nyingi, na nje chini ya dirisha kuna kishamba cha sukuma wiki. Quinter akanikalisha kwenye meza hapo dirishani, akaniwekea simu mbele.

"Mama, hatukupimi wewe," akasema. "Tunaipima hii. Ukipotea, kosa ni letu."

"Hiyo nimeipenda. Marehemu mume wangu hakuwahi kuniambia hivyo."

"Sasa tuseme asubuhi hii Waziri ameanza kulia na kuwapanda ng'ombe wa jirani. Mwite daktari kwa kutumia Zizi. Na unachofikiria, useme kwa sauti."

"Chochote?"

"Chochote."

"Nafikiria sijaona chai."

Elvis akacheka. "Chai ni baadaye, kukhu," akasema, maana ndivyo anavyomwita nyanya yake. Nikaona hawa watoto wana akili. Ukitaka ukweli wangu, nipate kabla sijashiba kwako.

Nikaanza. Zizi ikataka neno la siri. Nikauliza siri ya nani, Quinter akaandika tu. Nikaandika Waziri. Ikasema ni dhaifu. Nikasema ni kweli, ana mbavu zinazohesabika, lakini ndiye huyo huyo niliye naye. Nilipopita hapo, sijui vipi, ikataka namba ya sikio la ng'ombe. Sikio la Waziri lina kupe tu. Nikaona juu kuna mistari mitatu imelaliana, nikafikiri ni reki, nikaibonyeza. Ikafunguka orodha ndefu, nikabonyeza penye picha niliyodhani ni ya ng'ombe, nikajikuta kwa nguruwe.

"Niko kwa nguruwe," nikasema, kwa sababu niliambiwa niseme kila kitu.

Hapo ndipo mlango ukafunguliwa. "Elvis, pikipiki imenipasukia tairi hata sijafika Lugari, nipe ile—"

Niliona kiatu kimoja kikiingia. Kisha nikaona visigino.

Nikajifunika uso kwa kitambaa kama inavyopasa. Mlango ukafungwa. Viatu vikazunguka nyumba mbiombio, vikasimama kwenye sukuma wiki chini ya dirisha. Lilikuwa wazi, lina pazia jepesi tu.

"Quinter." Sauti ilikuwa ya chini, yenye heshima ya mtu aliye msibani. "Mwambie mama nimemsalimu."

Quinter akanitazama. "Mama, umesalimiwa."

"Mwambie nimeitika. Na watoto hawajambo?"

"Boss, anauliza watoto."

"Hawajambo. Mwambie."

Quinter akaweka kalamu chini. "Mama, huyu boss ni nani wako?"

"Ni mkwe wangu."

"Na hukuniambia."

"Hukuniuliza."

Alitaka kuacha, maskini, akidhani amevunja kitu cha watu. Nikamwambia hakuna kilichovunjika. Yeye yuko nje, sisi tuko ndani, paa ni letu peke yetu. Tuendelee, maana bado niko kwa nguruwe.

Nikaendelea. Nikatoka kwa nguruwe, nikaingia mahali pa kuchagua siku. Siku ya leo haikuwepo. Ya kwanza ilikuwa Jumanne.

"Sasa hapa," nikasema, "mnataka nimwambie Waziri ajizuie hadi Jumanne."

Kutoka nje: "Quinter, mwambie mama arudi nyuma abonyeze ile ya kijani."

"Boss, usimsaidie."

"Iko pale chini, upande wa kulia. Ndogo hivi, ya kijani."

"Boss. Tulikubaliana kunyamaza."

"Nyinyi ndio mlikubaliana. Mimi nilikuwa naenda Chekalini."

"Basi ingia umwonyeshe mwenyewe."

Majani ya sukuma tu ndiyo yalisikika.

Quinter alikuja kunieleza baadaye. Kila aliyewahi kuonyeshwa Zizi na Cornelius, Cornelius alimwinamia begani na kutia kidole chake mwenyewe: hapa, halafu hapa, umeona ilivyo rahisi? Hakuwahi hata siku moja kumwona mtu akiwa na Zizi peke yake. Wafanyakazi wake hawangeweza kumzuia. Mila ndiyo iliyomzuia. Kwa mama mkwe hakusogelewi, hakuinamwi, hakushikwi kidole. Akabaki pale kwenye matope, pua kwenye pazia, akinitazama nikibonyeza reki, nikirudi kwa nguruwe, nikitoka, nikiambiwa Waziri ni dhaifu.

Mwisho nikaiweka simu mezani. "Mimi ningemwita tu Were," nikasema. Were ndiye daktari wetu. "Ningesimama uani nipige kelele. Husikia."

Nje ya dirisha mtu akashusha pumzi ndefu, kama mkata miwa anayetua mzigo wake. Kisha viatu vikaondoka polepole. Mimi nikaletewa chai, na mayai. Nilikula nikasema Zizi ni nzuri sana. Quinter hakuandika.

Tracy aliniambia mumewe hakula jioni ile. Obusuma, ugali wetu, ilipoa mpaka ikaota ngozi. Alichosema ni hiki tu: "Mama yako alienda kwa nguruwe akarudi, akaenda tena. Na mimi ndiye niliyemtuma."

Asubuhi akaketi na Elvis. Neno la siri likaondolewa, namba ya sikio ikaondolewa. Wakaweka kitu kimoja kikubwa katikati ya kioo, kimeandikwa Ng'ombe Anaita, na siku ikawa ni leo. Cornelius akafurahi, akasema sasa yameisha.

"Yameisha yale mama aliyoyaona," Quinter akasema. "Mwingine ataona yake. Tufanye kila Alhamisi, boss. Mtu mmoja, wawili."

"Tukae kila wiki tukitazama watu wakipotea, kazi tutaifanya lini?"

"Hiyo ndiyo kazi."

"Ifanye basi mpaka mvua ziishe. Mimi mambo hayo sina moyo nayo. Alhamisi mjue niko Chekalini."

Hivyo ndivyo Alhamisi zilivyoanza. Mimi nikapewa kazi ya kutafuta watu wa kupotea, na nilichagua vizuri, wajuaji sikuleta. Nilimleta Awinja anayepika chapati karibu na stendi. Vidole vyake vina mafuta tangu enzi, akigusa kioo hakisikii, akabonyeza kwa kiwiko. Elvis akapanua pa kubonyeza. Nilimleta mama mmoja aliyesema "iko sawa kabisa" akiwa bado mlangoni. Quinter akamwambia asante, sasa keti umwite daktari. Akaketi, akaigeuza simu kichwa chini, akatafuta shimo la kuongelea.

Lazarus naye alikuja na miwani yake ya kufungwa kwa uzi. Aliishika simu mbali mpaka mkono ukaisha, herufi zikaongezwa unene. Tena Lazarus habonyezi kitu kipya bila kukiombea. Akafumba macho, akaomba, akawataja wagonjwa na wasafiri, na alipofumbua kioo kilikuwa kimezima giza, kila kitu kikaanza upya. Mara ya pili vivyo hivyo. Elvis alitaka kucheka, Quinter akamkanyaga mguu. Wiki iliyofuata Zizi ilikuwa inangoja mpaka amina.

Kila Alhamisi nilikuwepo. Na kila Alhamisi niliona jambo ambalo sikulisema: ile sukuma chini ya dirisha ilikuwa inazidi kulala. Quinter alisema ni kuku wa jirani. Nikachungulia. Mimi nimefuga ingokho maisha yangu yote, na sijawahi kuona mmoja aliyevaa viatu.

Tena kulikuwa na hili. Ijumaa Quinter akifika ofisini kupanga yarekebishwe nini, anakuta nusu yamesharekebishwa. Alidhani ni Elvis. Elvis alidhani ni Quinter aliyewahi kumweleza boss. Lile la Lazarus, la kungoja amina, kila mmoja alimshukuru mwenzake. Mimi nilikunywa chai yangu.

Halafu Waziri akaita kweli. Ilikuwa Jumapili, nimetoka tu kanisani, namkuta amekata kamba na yuko kwa jirani akifanya mambo ya kuniaibisha. Nikatoa simu, nikabonyeza pale pakubwa katikati. Were alifika bado navua nguo ya kanisani, nikamwambia angoje nje kama mkwe. Sasa hivi Waziri ana mimba, na kiburi kimeongezeka.

Na si mimi tu. Mvua zikielekea kuisha, Jael akapiga simu kutoka ushirikani. Wafugaji wa Chekalini wameanza kubonyeza, si wote, lakini kila siku kuna wengine. Ushirika utabaki na Zizi. Tena wanataka waongezewe ya chanjo za ndama, upesi. Tracy alikuja kwangu na kilo ya nyama, na maharagwe akachambua vizuri.

Kwa hivyo Alhamisi iliyofuata nilitegemea nyuso za sherehe. Nikamkuta Quinter ameinamia meza.

"Mama, hii labda ni ya mwisho," akasema. "Boss anasema ya chanjo ina haraka, Alhamisi tuziweke kando. Tukipata nafasi tutarudia."

"Na amesema Alhamisi hazina faida?"

"Amesema faida hiyo hajaiona kwa macho yake. Na sitamlaumu. Kila Alhamisi yuko Chekalini."

Mezani mbele yake kulikuwa na makaratasi aliyoyachora kwa mkono, ya hiyo chanjo. Elvis alikuwa hajaandika hata mstari. Nilitakiwa niguse karatasi kwa kidole, naye aniwekee nyingine, kana kwamba karatasi ni simu. Mchezo wa watoto, ila kukosea kwenye karatasi hakumlizi mtu, unachora nyingine tu. Mtu wa namna hii ndiye anaambiwa aache.

Nikasikiliza upande wa dirisha. Sukuma ilikuwa inapumua.

"Mpigie," nikasema.

"Nani?"

"Mkwe wangu. Mwombe aje amwone mtu mmoja tu, kwa macho yake, kabla hajaamua."

"Yuko mbali, mama."

"Mpigie tu."

Akapiga. Nje ya pazia kitu kikaita mara moja, kikafinywa. Elvis akainua kichwa. Kisha sauti ikaja kwenye simu, ya kunong'ona. "Ndiyo, Quinter."

"Boss, uko wapi?"

"Niko Chekalini. Niko huku ndani kabisa, kwa shamba la mtu."

"Sauti yako iko chini."

"Ni mtandao. Huku ni mbaya sana."

Quinter hakuwa akisikia vizuri kwa sababu ya kuvunjika moyo. Mimi nilikuwa nasikia mara mbili, mara simuni na mara kwenye pazia. Nikaivuta karatasi ya chanjo karibu na dirisha, nikanyoosha kidole juu sana ili kionekane, nikakishusha polepole kuelekea pembeni kabisa, mahali ambapo hata Waziri angejua si penyewe.

"Haya," nikasema kwa ile sauti yangu ya Mumias, "mimi basi nabonyeza hii ya nguruwe."

"Quinter, mwambie mama si hiyo, ni ile ya juu—"

Mara hii walisikia wote. Elvis alifunika mdomo kwa mikono yote miwili. Mimi nikajifunika uso kwa kitambaa, kwa heshima, nikaacha jicho moja.

Quinter bado alikuwa na simu sikioni. Alitazama kidole changu, akatazama pazia, akatazama tena kidole.

"Boss," akasema taratibu, "kutoka huko Chekalini, kidole cha mama unakionaje?"

Hakuna jani lililotikisika. Elvis alianza kutetemeka mabega. Mwishowe sauti ikatoka, si kwenye simu tena.

"Quinter," ikasema, "hebu muulize mama kama Alhamisi ijayo ninaweza kuwekewa kiti hapa nje."